Kigoda cha Twaibah

Jioni hiyo nyumba tupu ilimwitikia Shakul salamu.

Sisi tumelelewa hivyo: ukiingia nyumba isiyo na mtu, isalimu. Tangu amzike mkewe Twaibah, Shakul aliisalimu nyumba yake iliyoko mtaa wa Kimaka kila jioni, ukimya ukampokea. Leo sauti ikatoka uani, taratibu: "Waalaikum salaam."

Uani palikuwa na darubini yake tu, na kigoda cha marehemu. Hapo Twaibah alikuwa akikaa, mumewe akipiga picha za makundi ya galaksi, vijidoa vya nuru kama ulezi uliomwagika. "Bwana," angemtania, "hawa wake wenzangu wako mbali mno. Sina wivu nao." Shakul hakukiondoa kile kigoda. Na kiti kitupu kikilala nje, maskini, hupata wa kukikalia.

Alipiga picha nyingi usiku huo, akaziunganisha kwenye kompyuta ziwe moja. Ukifanya hivyo, kinachopita hufutika, popo au ndege, hubaki kilichotulia. Na katikati ya galaksi kilibaki kichwa cheusi cha mtu aliyejitanda mtandio, kimetulia pale tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, na harufu ya hina ikaingia dirishani, hina ile ile ya Twaibah, ila chini yake kulikuwa na harufu ya manyoya yaliyoungua, na huko uani kigoda kikalia kama kinavyolia mtu akijiweka sawa.

Akampigia dada yake, Hajarah, aliyeko Mbale.

"Dada, kuna mtu uani."

"Mtu gani?"

"Ananukia Twaibah."

"Yallah! Kaka, usimsemeshe. Nakuja na shehe."

Walifika asubuhi. Shehe akasoma, kigoda kikachomwa, harufu ikakata.

"Sasa twende Mbale," Hajarah akasema. "Wanangu watakupigia kelele mpaka uombe msamaha."

Shakul akacheka kidogo. "Tangulia. Nifunge mizigo."

Usiku akapiga picha tena. Ilitoka safi. Galaksi tele, na hakuna mtu. Akaitazama mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akatoa kiti sebuleni, akakiweka kando ya darubini.

"Asalaam alaikum," akanong'ona.

Simu ikawaka mkononi: Hajarah. Kiti kikalia.

"Wale wa mbali sina wivu nao," sauti ikasema, tamu, karibu na sikio. "Lakini huyu wa Mbale..."

Shakul akaizima simu.