Kibao Namba Kumi na Saba

Jumanne, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, supu ya samaki ilikuwa imeshapakuliwa pale Nestor alipotambua kwamba kiti cha kushoto kwake hakina mtu. Kilikuwa kiti cha Mzee Solomon, mwenzake wa chumba, mtu wa miaka sabini na sita asiyechelewa chakula hata siku moja. Nestor alikwenda chumbani. Kitanda kimetandikwa, miwani haipo. Akaenda msalani, akapanda juu kabisa ambako watu husimama kutazama nyangumi, akarudi mbio akihema.

Meli ilikuwa ndogo, abiria ishirini na nne tu, Watanzania na Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul waliokwenda Alaska kuona milima ya barafu. Mlangoni pa kushukia palikuwa na ubao wa vibao vyenye namba. Ukishuka kwenda nchi kavu unageuza kibao chako kiwe chekundu. Ukirudi unaosha mabuti kwenye beseni la dawa, unatundika jaketi la uokozi kwenye kulabu yenye namba yako, ndipo unageuza kibao kiwe kijani. Mtu hagusi kibao cha mwenzake. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza waliyofundishwa.

Kibao cha Mzee Solomon, namba kumi na saba, kilikuwa kijani. Kulabu yake ilikuwa tupu.

Meli iligeuzwa, abiria wote walikatazwa kushuka, mabaharia wakarudi nchi kavu na boti za mpira. Walimkuta saa moja kasoro dakika tano, ameketi nyuma ya jiwe mbele ya barafu, amelowa mpaka fulana, midomo imekuwa ya buluu. Alikuwa ameachwa kwenye mvua kwa saa tatu na nusu.

*

Jumatano ya wiki iliyofuata, Mzee Solomon alikuwa hospitali ya Saint Paul na mpira kooni, hawezi kusema. Mkwe wake Tumpe, aliyesafiri naye, alikuwa Richfield, kwenye kochi la Bibi Anastasia wa kanisani kwao, maana mumewe Moses alimwambia atoke nyumbani mpaka ukoo ukae Jumamosi. Watoto wawili walibaki na baba yao.

"Wanasema nilimtelekeza baba yake Moses," Tumpe alisema. Alikuwa anakunja blanketi ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. "Wanasema niligeuza kibao makusudi. Kampuni imeandika barua kwa wanaosimamia leseni yangu ya kutunza wazee. Wakiamini, Bibi, sitashika tena mkono wa mgonjwa nchi hii. Na Jumamosi nanyang'anywa wanangu."

"Barua umeisoma?"

"Nani anionyeshe? Nimeambiwa tu kwa simu."

Bibi Anastasia alikuwa na miaka sabini na moja. Miaka ishirini na sita alisafisha vyumba vya hoteli karibu na uwanja wa ndege, vyumba kumi na sita kwa siku, na alikuwa akiingia chumbani na kujua wamelala wangapi kwa kutazama mataulo tu. Hakupenda maneno ya jumla. Alichukua daftari.

"Ulishuka saa ngapi?"

"Boti ya kwanza, na akina mama. Nikarudi nao saa nane na nusu, nikaosha mabuti, nikageuza changu, namba kumi na nane. Baada ya hapo nililala, tumbo lilikuwa linanisokota."

"Mbona hukupanda boti moja na mzee?"

Tumpe alimtazama kama mtu aliyeulizwa mbona hajavaa viatu kichwani. "Bibi! Nikae benchi moja na baba mkwe? Goti kwa goti?"

Bibi Anastasia aliandika. Alikumbuka Jumapili moja ya Februari, Tumpe alipopewa kusoma somo la kujengwa hekalu. Kila alipofika kwenye jina la yule mfalme, wajina wa baba mkwe wake, alisema "mwana wa Daudi". Mara saba. Akina mama wa nyuma walikuwa wanafinyana wasicheke, na mchungaji akashikwa na kikohozi.

*

Alhamisi saa tano asubuhi Bibi Anastasia alikwenda kwa Nestor, dereva wa basi la shule, kwa kuwa huyo ndiye aliyegombana na mzee melini.

"Niligombana naye kwa sababu ya kukoroma," Nestor alisema kwa ukali. "Sasa mtu akikoroma ndiyo nimuue? Na wewe Bibi, na hilo daftari lako, umekuwa polisi lini?"

"Tangu polisi walipokataa kuja. Ulirudi saa ngapi?"

"Boti ya mwisho. Saa tisa na dakika ishirini na tano, nilitazama saa. Mimi na fundi mmoja wa umeme. Nikageuza changu, namba tisa, naye namba ishirini na mbili. Vyote vingine vilikuwa kijani."

"Hukuona kwamba mzee hayupo?"

"Nilidhani ametangulia na boti ya Evodius, kiongozi wetu." Nestor akauma mdomo. "Kila siku najilaumu, Bibi. Usifikiri nalala vizuri kwa kuwa hakuna anayekoroma."

Ijumaa, Wambui, Mkenya aliyekuwa abiria wa ile meli, alimpeleka Bibi kwa gari mpaka Eden Prairie, kwenye ofisi ya kampuni ya safari. Evodius alikuwa mtu wa Bukoba, alikuja kama mwanafunzi, sasa ndiye kiongozi wa misafara ya Waafrika. Aliwapa kahawa.

"Shikamoo Bibi. Iliniuma sana. Lakini familia ndiyo inajua shida zake. Yule dada alikuwa anamkimbia mzee meli nzima. Mzee akiingia huku, yeye anatokea kule. Chakula hakai naye meza moja. Kila mtu aliona."

"Wewe ndiye mlinzi wa ubao?"

"Ndimi. Na ubao ulikuwa kijani. Nimeandika kila kitu kwenye barua, Moses ana nakala." Alichapa moja, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

Bibi aliisoma ndani ya gari, neno kwa neno, kidole kikitembea juu ya karatasi. Alipofika mstari wa sita akavua miwani.

"Nini, Shosh?" Wambui aliuliza.

"Simu yako ina picha za siku ile?"

"Mia tatu. Lakini za jioni tu ndizo ziko karibu na ule mlango, hazisaidii."

"Nionyeshe hizo hizo."

*

Jumamosi saa nane mchana ukoo ulikaa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Shangazi Brigitha, dada yake Mzee Solomon, huko Crystal. Watu kumi na wanne, chai na maandazi, na hakuna aliyemsalimu Tumpe. Walimwekea kiti karibu na mashine ya kufulia. Evodius alikuja na tai shingoni, akaketi kando ya Moses.

Moses alifungua kikao kwa sauti kavu. "Baba yangu amelala na mpira kooni. Nataka huyu mwanamke aseme kwa nini."

"Atasema," Bibi Anastasia alijibu. "Kwanza shahidi. Evodius, saa tisa na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Mbele ya ubao."

"Nini kikatokea?"

"Bi. Tumpe akaja, akageuza yeye mwenyewe kibao cha mzee. Kwa mkono wake."

"Alisema nini?"

"Alisema mzee amerudi."

"Sitaki alisema kwamba. Nataka maneno yake yenyewe, kama ulivyoyaandika mstari wa sita. Yaseme kwa nguvu, Shangazi hasikii vizuri."

Evodius akakohoa kidogo. "Alisema hivi: 'Solomon ameshapanda, Solomon amelala chumbani, usihangaike.'"

Shangazi Brigitha aliweka kikombe chini. Akina mama watatu kutoka Tukuyu, kwao mzee, waliokuwa wanamega maandazi wakaacha kumega.

"Rudia," Shangazi akasema.

"'Solomon ameshapanda, Solomon amelala...'"

"Mwongo!" Shangazi alisimama na kanga ikamdondoka begani. "Mwongo mkubwa wewe! Mke wa mwanetu ataje jina la baba mkwe wake? Mara mbili, kama anaita kuku?"

"Kanisani hataji hata la kwenye Biblia," mama mmoja akadakia. "Mwana wa Daudi, mwana wa Daudi, mpaka tunachoka."

Evodius alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. "Wazee wangu, hizo ni mila za kijijini. Mtu anayetaka kuua atashindwa kuvunja mila?"

"Swali zuri," Bibi Anastasia alisema. "Wambui, leta simu."

Picha ilipita mkono kwa mkono. Wambui amesimama mlangoni mwa meli, anacheka, ameshika kipande cha barafu kama mtoto mchanga. Nyuma yake ubao. Na mbele ya ubao Evodius, mgongo nusu, vidole viwili juu ya kibao namba kumi na saba. Kulabu ya kumi na saba tupu.

"Ndiyo, nilikuwa nakichunguza," Evodius alisema upesi. "Tazameni saa ya picha. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili jioni. Mzee alikuwa anatafutwa tayari!"

"Wambui, mzee akitafutwa wewe ulikuwa unacheka na barafu?"

"Mimi? Haki ya Mungu, nilikuwa nalia mpaka nikatapika!"

"Simu yako ilishika mtandao baharini?"

"Wapi! Nilizima mtandao tangu huku."

"Basi ilibaki na saa ya Minneapolis. Kule wako nyuma yetu kwa saa tatu. Kumi na mbili ya huku ni tisa ya kule." Bibi alikivuta kidole chake juu ya kioo. "Na asiyeamini hesabu aamini macho. Namba tisa na namba ishirini na mbili bado nyekundu. Nestor, uligeuza chako saa ngapi?"

"Tisa na dakika ishirini na tano," Nestor alisema. "Mimi na mwenzangu bado tuko ndani ya boti hapo. Evodius, ulimgeuzia mzee kabla hata sisi hatujapanda!"

Evodius alilegeza tai. Alitazama mlango, Nestor alikuwa ameshaketi ngazini.

"Nahodha alipata habari za nyangumi," akasema hatimaye. "Wale weusi kwa weupe, mdomoni mwa mkono wa bahari. Maji yalikuwa yanaanza kushuka, tungechelewa tusingeweza kutoka. Asubuhi nilishachelewesha meli mara moja, akaniambia nikirudia ananivua uongozi. Kibao kimoja tu kilikuwa kimebaki chekundu, ukiacha vya hao wa boti ya mwisho. Nikajua mzee amesahau kukigeuza. Wazee husahau."

"Na kulabu tupu?"

"Sikuitazama. Sikutaka kuitazama."

"Kwa nini Tumpe?" Bibi Anastasia aliuliza polepole, na upole huo ulikuwa wa kutisha kuliko kelele za Shangazi. "Watu ishirini na wanne. Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu wote waliona anamkimbia. Nilifikiri anamchukia. Nilijua mtaamini."

"Anamkimbia kwa heshima, mjinga wewe!" Shangazi alipiga meza, chai ikamwagika. "Miaka kumi na minne anamheshimu kaka yangu kama tulivyofundishwa, na wewe heshima hiyo hiyo ukaifanya kitanzi!"

Bibi alimsukumia Evodius karatasi na kalamu. "Andika upya. Nakala ya kwanza kwa wenye leseni yake. Ya pili polisi."

Evodius akaandika. Hakuna aliyemwonea huruma. Maandazi yalipoa.

Moses alisimama, akapita katikati ya viti mpaka kwenye mashine ya kufulia. "Mama Neema," alisema chini chini. "Twende nyumbani. Watoto wanakuulizia."

Tumpe hakunyanyuka.

"Ile barua ulikuwa nayo tangu lini?"

"Siku... siku kumi."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Mstari wa sita pia?"

Moses alishika kona ya mashine ya kufulia.

"Miaka kumi na minne tunalala kitanda kimoja," Tumpe alisema. Hakupaza sauti, lakini mpaka Nestor kule ngazini alisikia. "Nimelitaja lini, Moses? Ndotoni? Nikijifungua? Bibi Anastasia ananisikia Jumapili kwa Jumapili, na alijua kwa kusoma mara moja. Wewe ulisoma siku kumi."

Akafungua mkoba, akampa chupa ya uji iliyofungwa kwa kitambaa.

"Huu ni wa baba yako, wakimtoa mpira. Mpelekee mwenyewe. Mwambie umetoka kunihukumu, umwambie na jinsi nilivyoshinda." Alivaa koti lake, akavuta zipu mpaka kidevuni. "Wanangu nakwenda kuwachukua mimi. Bibi, nipe funguo ya kochi lako siku mbili tatu zaidi."

"Kochi halina funguo, mwanangu," Bibi Anastasia alisema, akifunga daftari. "Twende."