Hema la Waliopotea

Habari hii nilipewa na mwanamke anayetunza vyoo vya ufukweni, yule ambaye mji mzima unamwita Mama Ufunguo kwa sababu ya funguo zinazomning'inia kiunoni. Ilikuwa mwaka jana, mvua zilipoanza. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, wote wawili tumetiwa dawa ya matone, hatuoni mbele wala nyuma. Basi akasimulia, mimi nikasikiliza. Naiandika kama alivyonipa, polepole, maana haitaki haraka.

Mji wenyewe ni mdogo, uko kando ya bahari. Miezi ya mvua unasinzia. Jua likirudi, manispaa inaufungua ufuo rasmi. Mabomba ya kuogea yanafunguliwa, mapipa ya taka yanapakwa rangi mpya, bendera zinapandishwa, na kwenye sakafu ya saruji jirani na vyoo linasimamishwa hema jeupe lenye vipaza sauti. Ndani yake anakaa mtangazaji. Yeye ndiye anayesema mashindano ya kuogelea yanaanza saa ngapi, gari la taka linapita mtaa gani, na mtoto wa nani amepotea. Kwa hiyo watu waliliita hema la waliopotea.

Mtangazaji wa msimu ule alikuwa binti mwembamba mwenye mwanya. Alivaa fulana ya njano ya manispaa, sketi ndefu ya buluu, na miwani ya jua aliyoipandisha kichwani kama taji. Akiongea na wewe uso kwa uso utasema ni msichana wa kawaida tu. Akishika kipaza sauti, hata wauza maji wananyamaza. Walimwita Sauti.

Siku ya kurusha vishada, ufuo ulijaa watu mpaka mchanga hauonekani. Akaingia hemani kijana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi likakaa, jasho linamtiririka shingoni.

"Dada, nisaidie kutangaza. Nimepotelewa."

"Pole kaka. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Sabini na kitu."

Sauti akainua macho. "Umesemaje?"

"Ni mama yangu."

Watoto waliokuwa wakilia humo hemani wakanyamaza wote, wamtazame mtu mzima aliyepoteza mama. Sauti alitaka kucheka. Halafu akaona jasho linavyomtiririka yule kijana, akavuta kipaza sauti karibu.

"Amevaa nini?"

"Gauni la kijani, na kitambaa cheupe kichwani. Ana ugonjwa wa kusahau. Ukimwita jina lake haitiki siku hizi. Mwite Bibi Harusi. Marehemu baba alikuwa anamwita hivyo."

Basi ufuo mzima ukasikia: "Bibi Harusi, Bibi Harusi mwenye gauni la kijani, mwanao anakusubiri kwenye hema jeupe." Watu wakageuza shingo kutafuta bibi harusi. Haukupita muda, Mama Ufunguo akatokea anamwongoza bibi mmoja mfupi, askrimu mkononi, imemchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Makelele ya nini?" bibi akauliza. "Mimi sijapotea. Huyu ndiye kazi yake kupotea, tangu utotoni."

Sauti akachuchumaa mbele yake, akamfuta mkono. "Sawa mama. Basi siku nyingine huyu akikupotea, usihangaike. Njoo ukae hapa hapa. Mimi nitamwita."

"Utamwita kweli?"

"Nitamwita mpaka aje."

Bibi akamtazama sana. Mama Ufunguo anasema yule mama alikuwa akisahau kama amekula, akisahau mlango wa chooni uko wapi, lakini neno lile lilimwingia likakaa.

Kijana alirudi kesho yake kushukuru. Keshokutwa akarudi kushukuru tena. Siku ya mashindano ya kujenga nyumba za mchanga akaja kushukuru, Sauti akamwambia, "Kaka, shukrani zimetosha. Sema shida yako."

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la manispaa la kunyonya majitaka, lile lenye tangi na mpira mrefu. Wenzake, kwa utani wao, walimwita Marashi. Sauti alipolisikia jina alicheka mpaka akasahau kuzima kipaza sauti, kicheko kikaenda ufuo mzima. Marashi alipokisikia kicheko kile, anasema Mama Ufunguo, ndipo alipokwisha kabisa.

Wakawa wanapigiana simu mchana.

"Haloo, Marashi. Uko wapi?"

"Niko kazini, kipenzi, shimo la mtu limejaa."

"Nilijua. Harufu inakuja mpaka huku kwenye simu."

"Hiyo si mimi. Labda ni simu yako."

"Jioni ukija, uwe umeoga."

"Nimeshaoga mara mbili, na kazi bado sijamaliza."

"Basi oga tena. Na ukija unakaa kule upepo unakoelekea."

"Nitakaa hata ndani ya maji, mradi nikuone."

"Hee! Maneno hayo uliyanyonya wapi?"

Jioni walikaa kwenye ngazi za ufuoni wakila karanga, Bibi Harusi katikati yao, anawagawia karanga zao wenyewe. Sauti alikuwa akimsuka bibi nywele, na Marashi akimtazama anavyosuka, taratibu, bila kuvuta. Akitaka kusema jambo, analimeza.

Jambo lenyewe ni hili. Marashi alikuwa ameapa kwamba maadamu yu hai, mama yake hatapelekwa nyumba ya wazee ya manispaa, ile yenye geti la kufuli. Na kwa kiapo hicho alikuwa ameshampoteza mke. Ndiyo, alikuwa na mke. Yule mke alikwenda kwao kujifungua, mtoto akafa, na kwa uchungu wake akasema hawezi kurudi kwenye nyumba ya kumchunga mama mkwe usiku na mchana. Wakaachana, kila mtu akashika njia yake, ikapita miaka. Mchumba mwingine naye akaja, akaona hali, akapotea. Marashi akajifunza kunyamaza. Alijisemea, huyu ampende mama kwanza, mengine nitamwambia baadaye. Baadaye ile haikufika.

Siku ya mashindano ya mwisho ya kuogelea, Bibi Harusi alikuwa amekaa hemani kwenye kiti cha plastiki, anapepewa na feni. Akamwambia Sauti, "Wewe binti ni mwema. Mke wa mwanangu akirudi nitamwambia."

"Mke gani, mama?"

"Mke wake. Ameenda kwao kujifungua. Wiki ijayo anarudi na mtoto. Ngoja utamwona, mzuri huyo!"

Kichwani mwa bibi yule mke alikuwa bado yuko njiani. Sauti angejuaje? Alitangaza mshindi wa wanaume, akatangaza mshindi wa wanawake, hakuna aliyesikia sauti ikitikisika. Halafu akatoka nyuma ya hema, akapiga simu.

"Marashi. Mkeo hajambo?"

Mashine ya kunyonya ilikuwa inanguruma upande wa pili.

"Nani kakwambia?"

Katika majibu yote ya duniani, alichagua hilo.

"Kwa hiyo yupo."

"Sauti, mpenzi, nisikilize. Hili si jambo la kwenye simu. Nimalize hapa nije tukae..."

"Neno moja tu lingetosha kwenye simu. Hapana. Ulishindwa kusema hapana?"

Akakata, akazima simu. Msimu uliisha kesho yake. Vibarua wa manispaa wakashusha bendera, wakalikunja hema, wakalitupia kwenye lori pamoja na viti. Sauti akapanda basi kwenda mji mkubwa zaidi, akapata kazi ya kutangaza mabasi yanayoondoka stendi. Marashi alipiga simu mpaka akaona aibu mbele ya nafsi yake, akaacha. Na Bibi Harusi hakuagwa. Sauti alijisemea, kumuaga wa nini, atasahau tu.

Mvua zikaja. Nyakati za mvua mashimo hufurika, simu za manispaa hazilali, na Marashi hapumziki. Asubuhi moja alimwacha mama yake na shangazi yake. Shangazi akaenda uani kuanua nguo mvua isizikute. Aliporudi, mlango uko wazi, mama hayupo.

Walimtafuta sokoni. Walimtafuta kwenye nyumba waliyokuwa wakikaa zamani, na hospitali, na kituo cha polisi. Marashi alipita barabara zote na lile gari lake kubwa, anapiga honi, anaita dirishani "Bibi Harusi! Bibi Harusi!" Ufuoni hakwenda. Ufuo ulikuwa umefungwa, hema liko ghalani. Mtu aende kutafuta nini?

Mama Ufunguo ndiye aliyekwenda, alasiri, kuangalia kama vyoo vinavuja. Akamwona bibi amekaa chini kwenye ile sakafu ya saruji, pale hema liliposimama, gauni limemganda mwilini, maji ya mvua yanapita chini yake.

"Bibi Harusi! Unafanya nini kwenye mvua?"

"Shh! Nyamaza nisikie. Yule binti anamwita mwanangu sasa hivi."

Mama Ufunguo alipofika hapa katika masimulizi nilimsikia akivuta kamasi. Nilidhani ni dawa ya macho.

Usiku ule homa ilipanda. Hospitali wakasema ni nimonia, imeshashika mapafu yote. Mama Ufunguo akatafuta namba ya Sauti, akapiga.

"Wewe binti, ni mimi Mama Ufunguo. Usinikatie. Sikupigii kwa ajili ya mwanamume."

"Sijakata, mama."

"Huyo mke unayemkimbia alishaachwa zamani, hilo utaulizana na mwenyewe. Mimi nakuambia la bibi. Tumemkuta ufuoni kwenye mvua. Alikuwa anakungoja wewe."

Upande wa pili zilisikika honi za mabasi.

"Nakuja," Sauti akasema.

Alifika wodini na sare yake ya stendi, koti la kijivu limelowa mabegani, viatu vina matope. Marashi alikuwa kando ya kitanda, ndevu zimemwota ovyo. Hakumsalimu. Alisogeza tu kiti.

"Shikamoo mama," Sauti akasema.

Macho ya bibi hayakufunguka, lakini uso uligeuka. Sauti ile aliijua.

"Umechelewa kufungua leo."

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Mwanangu umemwita?"

"Yuko hapa. Amekushika mkono."

Bibi akaupapasa ule mkono. "Huyu? Huyu ana mikono ya mzee." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Hakusema tena. Kesho yake mchana alikata roho.

Walimzika. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Siku mtu wa mwisho alipoondoka, nyumbani wakabaki Marashi, shangazi yake na Sauti. Sauti alikuwa anaosha vikombe. Marashi akasimama mlangoni mwa jiko.

"Ulimfundisha kungoja," akasema. "Halafu ukaondoka."

"Najua."

"Hata kumuaga hukumuaga."

"Najua, Marashi. Nikilala najua, nikiamka najua. Na wewe ungesema neno lile mapema, ningeondoka?"

"Ningesema nini? Kwamba mke alinikimbia, mchumba akanikimbia? Ungepiga hesabu yako, ukakimbia na wewe."

"Hukunipa hata hiyo nafasi ya kupiga hesabu!"

"Gombaneni," shangazi akasema kutoka chumbani, "lakini chai inapoa, na sukari iliyobaki ni hiyo hiyo."

Marashi akavuta kigoda, akakaa. Akaongea kwa sauti ya chini.

"Sasa hakuna tena wa kukukimbiza. Kaa, Sauti. Nikuoe."

Kikombe kikamponyoka kwenye beseni.

"Unasikia unachosema? Unaniambia njia ni nyeupe, kana kwamba yeye ndiye alikuwa kizuizi! Mimi ningekuja naye yupo. Hilo ndilo linaloniua. Ningekuja na yeye yupo humu ndani, ningemwogesha, ningemsuka, ningemkimbilia barabarani kila siku ya Mungu. Ulinionaje?"

Tangu hospitali hadi makaburini Marashi alikuwa hajatoa chozi, watu walimsifu kwa kujikaza. Sasa akainamisha kichwa magotini, akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyeachwa sokoni. Sauti akafuta mikono kwenye sketi, akapiga magoti, akamshika. Yeye naye akalia. Chai ikapoa kweli.

"Nisamehe," Marashi akasema.

"Unisamehe na wewe. Sijui kama tutaweza."

"Utanijibu?"

"Niulize kesho. Kesho nitakuwepo hapa. Leo lala, macho yako yamekuwa kama ya mgonjwa."

"Siwezi kulala. Miaka yote hii nalala sikio moja liko mlangoni."

"Leo mlango nitausikiliza mimi."

Marashi akaenda sebuleni, akalala kwenye godoro la wageni, viatu miguuni, akazama kama jiwe. Chumbani shangazi naye alikuwa ameshaanza kukoroma. Nje jua lilikuwa bado liko juu, watoto wanacheza mpira kwenye madimbwi.

Sauti akaketi chini, mgongo ameuegemeza mlangoni. Akasikiliza. Alisikiliza kwa uaminifu, kama alivyoahidi, nyayo ndogo za mtu anayetaka kutoka. Hakukuwa na mtu wa kutoka. Akaendelea kusikiliza hivyo hivyo, mpaka kichwa kikaanza kuinama, akakiinua, kikainama tena, akakiacha. Naye akalala.