Behewa Lisilo na Mlango

Rafiki yangu fundi saa, mtu asiyeamini hata ndoto zake, alikuwa akijenga reli ndogo juu ya rafu, kwenye stoo isiyo na dirisha. Abiria aliwachonga kwa njiti za kiberiti, akawapanga stesheni. Mmoja alimfunga kilemba chekundu kama cha mkewe, kwa utani.

Jioni moja gundi ilimwishia, akaenda kununua nyingine. Kurudi, umeme umekatika, na stooni magurudumu yanalia: taka-taka, taka-taka.

"Mama watoto, umeiwasha treni?"

"Kwa umeme gani?" mkewe akajibu jikoni.

Akamulika kwa simu. Treni ikasimama. Mwenye kilemba hayupo stesheni. Yumo behewani, nyuma ya kioo, behewa ambalo jana alilifunga kote kwa gundi, mlango hakulitoboa.

"Mama watoto!"

Jikoni kimya. Treni ikaondoka, ikazama kwenye handaki la boksi.

"Baba watoto," sauti nyembamba ikaitika humo ndani, "nifungulie."