Vidole Vilivyosahau Moto

Jirani yangu, haya nakueleza kwa sababu nilikuwemo. Chupa moja kati ya zile tatu niliipeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Mtaani kwetu kuna chumba cha kusukia nywele: viti vitano, watu kumi na wawili. Nusu yetu hatusukwi, tumefuata maneno. Mwenye chumba tulimwita Mashine. Kichwa cha nywele ndogondogo ambacho msusi mwingine anakimaliza jioni, yeye saa nane mchana ameshakushikisha kioo uone kisogo chako. Tena anasuka huku macho yake yapo kwenye televisheni.

Asubuhi hiyo chai inazunguka, vicheko vimejaa, mara akaacha kusuka na kukung'uta mikono kama anayekausha maji.

"Vidole vinanichomachoma," akasema. "Kama nimevilalia."

Angemwambia daktari, angepimwa. Katwambia sisi, na sisi midomo yetu haina breki.

"Shoga, hiyo vitamini imepungua," akadakia Mama Afya, yule anayezungusha vidonge vya lishe kwenye mkoba. "Vitamini B. Mishipa ya fahamu inalia njaa."

Akamuuzia chupa ya kwanza. Wiki iliyofuata mteja akamletea vidonge vya nywele na kucha. Mimi nikampelekea unga wa nguvu wa kukoroga, nikausifia mpaka nikaishiwa pumzi. Hakuna aliyegeuza chupa kusoma nyuma. Tungesoma, tungeona zote tatu zina kitu kimoja, vitamini B6, na kila moja peke yake inazidi mara nyingi mahitaji ya mwili kwa siku.

Mumewe, fundi friji, mtu asiye na maneno mengi, alimuuliza mbele yetu, "Mama, hizi zote kakuandikia nani?"

"Baba, ni vitamini, si sumu. Zikizidi mtu anazikojoa tu."

Sote tukaitikia kama kwaya.

Miezi ikaenda. Michomo ikageuka ganzi. Ganzi ikizidi, naye anazidisha: kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Akaanza kuangusha chanuo. Kandambili ikimtoka mguuni anapiga hatua tatu bila kujua, nasi tunamtania, "Mashine imelegea skrubu!" Anacheka nasi, lakini televisheni haitazami tena. Kila msuko anaufuata kwa macho, maana vidole havimwambii kitu. Ana watoto watatu shule, na mikono hiyo ndiyo shamba lake. Unafikiri alikuwa na amani?

Siku ya siku akaja wifi yake, dada wa mume, kusuka rasta ndefu. Rasta zikiisha humwagiwa maji ya moto ncha zitulie. Mashine miaka yote huyapima kwa vidole viwili: yakivumilika, anamimina. Akatia vidole kwenye jagi.

"Yamepoa," akasema. Akamimina.

Ukelele ule ulisikika hadi gereji. Wifi aliruka, kiti kikapinduka.

"Umeniunguza! Makusudi! Ulikuwa unanitafuta siku nyingi!"

"Haki ya Mungu, wifi, yamepoa! Tazama!"

Akauzamisha mkono ndani ya jagi, akauacha humo. Maji yanatoa mvuke, ngozi inaiva wekundu mbele ya macho yetu, na uso wake umetulia kabisa. Mimi ndiye niliyemvuta mkono.

Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulishajua Mashine kamchoma wifi yake kwa chuki. Wifi alilala kifudifudi siku tisa, simu ya kaka yake hapokei.

Mumewe akampeleka Mashine hospitali, na daktari akaagiza aletewe kila kitu ambacho mgonjwa anameza. Akasoma lebo moja moja, akajumlisha, akashusha miwani.

"Mama, B6 ikipungua mwilini mishipa ya fahamu inaumia. Ikizidi kwa muda mrefu, inaumia vilevile. Na ganzi yake ni hiyohiyo."

"Na ule mchomo wa mwanzo, daktari?"

"Labda upungufu. Labda ni kukunja mikono kutwa. Ungekuja kabla ya kumeza tungejua. Acha zote leo."

"Vidole vyangu vitarudi?"

"Wengi hupata nafuu, polepole. Kurudi vyote, siwezi kukuahidi."

Wiki za kwanza baada ya kuziacha hali ikazidi kuwa mbaya. Daktari alishamwonya kwamba itakuwa hivyo kabla ya nafuu, lakini hofu haisikii. Siku moja Mama Afya akaingia na mkoba wake. "Umeziacha, ndiyo maana! Hii mpya ni kali zaidi."

Mashine akanyoosha mkono. Nilimwona, na mimi mdomo mkubwa sikuinuka kitini.

Aliyesimama ni wifi yake. Kaka yake alikuwa amempelekea cheti cha daktari, akakisoma, akaja kumwona mgonjwa. Akamgeuzia Mama Afya kisogo, akashusha blauzi, kovu likaonekana kuanzia bega hadi kiunoni.

"Kabla hujafungua mkoba," akasema, "soma kwanza hapa."

Mama Afya alitoka na hajarudi.

Ni mwaka sasa. Miguu imepata fahamu. Vidole viwili vya mkono wa kulia bado vimelala, kwa hiyo Mashine anasuka nywele kubwa tu, na maji anayapima mteja mwenyewe. Watoto wanasoma.

FUNZO

Vitamini nayo ni dawa, ina kipimo chake. B6 ikipungua inaharibu mishipa ya fahamu, na ikizidi inaiharibu pia, wala mgonjwa hawezi kutofautisha kwa kujihisi. Ukipata ganzi au michomo, nenda ukapimwe kabla ya kumeza. Ukienda, beba kila chupa uliyonayo, hata ya unga, hata ya kucha. Nasi majirani wenye mapenzi mengi, mwenzetu akisema anaumwa, tumsindikize hospitali. Chupa zetu tuziache nyumbani.