Bomba Lililobanwa Ukutani

Walikutana kwenye duka la spea, saa ambayo watu hubanana kaunta. Muuguzi mmoja, sare nyeupe imepigwa pasi sawasawa, alikuwa akimfokea muuzaji: mashine yake ya kukaushia nguo inachemka kama jiko na hakuna anayemsikiliza. Nyuma yake, fundi mrefu mwenye ovaroli ya kijani akauliza kwa upole, "Sista, kile kichujio cha nyuzi ulikisafisha lini?"

"Kichujio kipi?"

Duka zima likaangua kicheko. Na yeye, kwa hasira zake zote, akacheka.

Fundi akaenda kwao, akatoa nyuzi za kujaza mto, akabadilisha kidhibiti joto, akaivuta mashine mbele kidogo. "Iache hapa hapa. Bomba la hewa ya moto lisibanwe." Baada ya hapo ikawa simu kila mchana.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nyumba ikanuka moto. Muuguzi akafungua mashine, akakuta sare mpya imebabuka kifuani. Damu ikamchemka. Akapiga simu.

"Tapeli wewe! Umenifungia kifaa kibovu! Mama yangu amelala chumba cha pili, ulitaka tuteketee?"

"Mpenzi, izime kwanza, chomoa waya. Halafu niambie..."

"Sikuambii kitu! Mimi na wewe basi!"

Kumbe fundi alikuwa jikoni kwa mteja, mikono yote ndani ya friji, simu ameiweka sauti ya juu. Jamani, fundi aitwe tapeli mbele ya mteja! Mama mwenye nyumba akamwambia akusanye vifaa vyake aende.

Huku nyumbani, mama yake muuguzi akatoka na kanga yake begani, akaitazama mashine. "Nani kaisukuma ukutani?"

"Mimi. Ilikuwa imekaa vibaya, inaharibu chumba."

Muuguzi akainama kuchungulia nyuma. Bomba lilikuwa limebanwa likawa bapa, hewa ya moto haina pa kutokea.

"Umemtukana ukipiga kelele," mama akasema. "Radhi utamwomba kwa kunong'ona?"

Hata hivyo alikaa na kiburi chake mpaka alasiri ndipo akaenda karakana kwa fundi. Wateja watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Akasema kwa sauti, "Huyu si tapeli. Bomba nililibana mwenyewe, na alinikataza."

Fundi hakuinua kichwa. "Wateja watarudi, Sista. Kinachoniuma ni kwamba uliniona mimi mbaya kabla hujatazama hata nyuma ya mashine. Miezi mitatu! Hukunijua hata kidogo?"

"Nilikujua. Niliogopa kwa ajili ya mama, nikakosa adabu. Halafu nikajua kosa ni langu tangu asubuhi, nikaona aibu kuja."

Fundi akaendelea kukaza skrubu yake.

"Nifukuze au nioe," akasema, machozi yakimlenga, "lakini usininyamazie!"

Mteja mmoja akaguna. Fundi akaweka bisibisi chini, uso bado umekunjwa.

"Kukuoa nitakuoa. Ila leo nimekasirika, na sitaki mtu aniharakishe."

"Kasirika tu, mpenzi." Akavuta stuli, akakaa katikati ya wateja. "Mimi nipo."