Achari si Dawa ya Utumbo

Ijumaa ya tano hiyo Bashiru hakwenda msikitini. Adhana ya msikiti wa kijijini Nyamwage aliisikia akiwa amekaa kwenye mkeka, tumbo linamkata.

"Nisimame safuni halafu nitoke mbio mbele za watu?" alimwambia mkewe. "Wacha niswali hapa hapa, choo kiko karibu."

Mwamvua alimwekea maji ya udhu kivulini, akatoka kwenda kuuza machungwa yake barabarani.

Hospitali walikwisha sema: utumbo mpana umevimba kwa ndani na una vidonda. Wakampa vidonge. Vilimsaidia, lakini polepole, na Mwamvua alichoka kungoja. Siku ile redioni akasikia kwamba maganda ya machungwa na ndimu yanaweza kufaa utumbo uliovimba. Akawaza: maganda, si ndiyo achari? Nyumbani achari haikosekani. Ndimu na ganda lake, chumvi na pilipili, vimekaa juani mpaka vimelainika.

Tangu hapo kila sahani ya wali ilikuja na achari. Vidonge akavifunga kwenye kanga, akavitia sandukuni.

"Kula, Baba Ukasha. Dawa hiyo."

"Mama Ukasha, unanitibu au unaniunga kama mchuzi?"

Akala, maana alimwamini mkewe. Siku ya sita Mwamvua alikwenda kusafisha choo, akaona damu. Alisimama kidogo na ndoo yake mkononi. Kisha akajitanda ushungi, akaenda nyumba ya tatu kwa Faraja, muuguzi wa zahanati.

Faraja alikuwa anapeta mchele. "Karibu, Mama Ukasha. Mbona uso huo?"

"Shemeji yako anatoka damu."

"Vidonge anameza?"

Mwamvua alitazama vidole vya miguu yake. "Nimevificha mimi. Nampa achari, kwa sababu ya maganda."

Faraja aliweka ungo chini. "Ya achari tutazungumza baadaye. Damu haingojewi. Anakwenda hospitali sasa hivi."

Jioni ile Bashiru alilazwa hospitali ya Kibiti. Mwamvua alimweleza daktari yote, hata habari ya sanduku. Vidonge vikarudi, na dawa nyingine ikaongezwa. Baada ya siku nne akaruhusiwa, na Faraja akaja kuwajulia hali.

"Basi redio imenidanganya," alisema Mwamvua.

"Haikudanganya, shoga, ila ulichukua nusu. Ganda lina nyuzinyuzi, na lina vitu ambavyo wataalamu wanavichunguza kama vinapunguza uvimbe. Mengi wameyaona kwa panya. Kwa watu bado hawana hakika. Kwa hiyo ganda ni chakula tu, halikai mahali pa vidonge."

"Na achari?"

"Vidonda vya mtu unavitia chumvi na pilipili?"

Bashiru akacheka akiwa amelala. "Mwambie, shemeji. Mimi hanisikii."

Faraja aliendelea taratibu. Tumbo likiwa linauma au linatoa damu, maganda yasiguswe kabisa. Likitulia, kwanza waulizwe hospitali, maana huenda yakagongana na dawa anazomeza. Wakikubali, chungwa lisuguliwe kwa maji safi, kwa kuwa ganda hubeba vumbi na dawa za shambani. Ganda lichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, likatwe dogo dogo. Nusu kijiko cha chai kwenye uji wa mchele inatosha kuanzia. Tumbo likikataa, liachwe.

Mwamvua alifuata hivyo hivyo. Kila asubuhi alimpa mumewe vidonge kwanza, akasimama mpaka amemeza. Maganda alianza nayo mwezi wa pili tangu watoke hospitali, daktari alipokubali.

Ijumaa moja Bashiru alivaa kanzu. Mwamvua alikaa kwenye meza yake ya machungwa, ng'ambo ya barabara, macho yake kwenye mlango wa msikiti. Hotuba ilirefuka. Hakuna aliyetoka. Swala ilipokwisha, wanaume walianza kumiminika, akamtafuta mumewe kati yao asimwone. Alipoinuka kuchungulia, akamwona ndani, amebaki peke yake, amekunja miguu, anavuta tasbihi bila haraka.