Barua ya Nukta Tano

Jamani, hawa Wadenishi! Kijana akitimiza miaka ishirini na mitano hajaoa, rafiki zake humfunga kwenye nguzo na kummwagia mdalasini. Eti ni mapenzi. Nimeishi nao miaka kumi na tisa, mapenzi hayo sijayaona, nimeona watu wakipiga chafya tu.

Basi Jumamosi moja ya Oktoba, katikati ya mtaa wa maduka hapa Aarhus, alikuwa amefungwa mhandisi mmoja mrefu aitwaye Asger, kahawia tupu kuanzia utosini mpaka kwenye raba. Ketevan, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu aje kutoka nchi ya Georgia, alikuwa akitoka kwenye duka la maua la stesheni anakofanya kazi. Alivaa koti jekundu na skafu ya kijani. Hakuuliza kitu. Alichomoa mkasi wake wa kazi, akakata kamba.

"Mwacheni! Sita kwa mmoja, hamna haya?"

"Dada, ni siku yangu ya kuzaliwa," Asger akasema huku anakohoa.

"Kwetu mtu akizaliwa tunamlisha."

"Basi nilishe."

Ketevan akacheka mpaka akashika nguzo. Alimlisha kweli, na kabla Novemba haijaisha walikuwa hawalali bila kupigiana simu.

"Kipenzi, Alhamisi una nafasi?"

"Leo Jumanne. Njoo leo."

"Leo sijaiandika kwenye kalenda."

"Kumbe mimi daktari wa meno!"

Desemba, Asger alimsimulia Krismasi ya kwao: jioni ya tarehe ishirini na nne nyumbani kwa mama, bata wa kuoka, viazi vilivyokaangwa kwa sukari, kuuzunguka mti mmeshikana mikono mkiimba. Ketevan akajua amekaribishwa. Mtu akikutajia chakula na saa ya kula, si amekwisha kukuita? Kwa Mdenishi, wapi! Mgeni wake huandikwa mwezi mzima kabla, na asiyeandikwa hayupo.

Akaenda. Gauni jeusi la mahameli, hereni za bibi yake, na sufuria ya kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi kifuani. Asger akafungua, akaduwaa, akatoka nje na kuuvuta mlango nyuma yake.

"Keto, mpenzi... ungepiga simu. Mama ameandaa viti kumi na viwili."

"Nitasimama."

"Haiwezekani. Si unajua mama alivyo?"

"Nitamjuaje? Hujanionyesha."

Asger akatazama viatu vyake. Mwanamume mzima, ndevu kidevuni! Ketevan akaiacha sufuria pale ngazini, akaondoka.

Miezi miwili hakupokea simu yake. Halafu, Machi, ikaja barua. Sasa sikieni upuuzi. Kabla ya Pasaka watoto wa hapa hukata karatasi matundu matundu, huandika mashairi, hutia ua dogo jeupe, na badala ya jina huweka nukta, moja kwa kila herufi. Usipomtambua mwandishi, unampa yai la chokoleti. Mchezo wa watoto! Asger, na digrii zake mbili, akautumia kuomba msamaha. Ua lenyewe lilifika limenyauka. Ketevan akapiga simu.

"Nimepata karatasi imetoboka."

"Umemjua aliyeandika?" Asger akauliza, furaha imemjaa.

"Mtu asiye na jina. Unaniomba radhi kwa nukta tano, Asger?"

"Ndiyo desturi yetu, laazizi. Hapo ndipo penye raha."

"Raha yako. Mimi nililia kwenye kituo cha basi, watu wakiniona, kwa jina langu kamili."

"Nifanye nini? Nakupenda, Keto. Nyumba imepooza bila wewe."

"Mama yako ananijua?"

Asger akaanza habari za mvua.

"Basi nitaje mezani kwake, wote wasikie, kisha nije nikae na wewe. Ukishindwa, tuachane kwa amani."

"Jumapili ya Pasaka," Asger akaapa. "Nitakupigia usikie mwenyewe. Kwa mama ni dakika kumi tu kutoka dukani kwako."

Jumapili hiyo mji mzima ulikuwa umefungwa, duka la stesheni tu ndilo wazi. Chini ya aproni Ketevan alivaa gauni la buluu. Simu ikalia. Akasikia vijiko na vicheko, kisha kisu kikigonga bilauri. Hapa akigonga mtu bilauri wote hunyamaza, hata wenye kinyongo.

"Nampenda mwanamke anaitwa Ketevan," Asger akasema. "Krismasi alikuja nikamfungia mlango. Nilikosa. Nataka aje sasa hivi, akae na mimi."

Alisema! Ketevan alikwisha kuvua aproni, machozi yanamtoka, mkono mmoja unatafuta koti.

Ndipo akasikia sauti ya mama, Birgitte, laini kama siagi.

"Umesema vizuri sana, mwanangu. Tutamwandika mwakani. Kaa sasa, samaki wanapitishwa."

Watu wakacheka, bilauri zikagongana.

"Asger," Ketevan akanong'ona, "usikae. Nakuomba usikae."

Akasikia kiti kikivutwa. Baada ya kidogo akasikia uma ukigusa sahani.

Akakata simu. Akafunga aproni upya, taratibu, akafuta uso kwa kiganja. Mlangoni alisimama mzee mmoja na kofia yake mkononi, hana hakika kama duka limefunguliwa.

"Karibu," Ketevan akamwambia. "Ingia ndani."